Wiki sita Bologna na keki ya vikopo saba: maoni yangu kuhusu kukaa na familia mwenyeji

Wenzangu watatu wa kazini hapa Malindi wameniuliza swali hilohilo mwezi huu: ukienda Italia kusoma lugha, ukodi chumba chako au ukae na familia? Nimechoka kujibu vipande vipande kwa simu. Mimi nilikaa na familia mwenyeji mjini Bologna kwa wiki sita, kuanzia mwisho wa Mei, pamoja na binti yangu aliyetimiza miaka minne tukiwa hukohuko. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyonionyesha nimeingia nyumba ya watu gani, basi maoni haya yataelemea upande huo. Anayetaka habari za minara na makumbusho atazipata kwa wengine.

Mjue kwanza anayesema ni nani. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli ya ufukweni. Kitaliano nimekiokota kama wengi wetu Malindi tunavyokiokota, kwa masikio. Naweza kumwambia mgeni kwamba chumba chake hakijawa tayari kwa namna saba, zote za heshima, lakini barua ya mistari mitatu ilikuwa inanitoa jasho. Mwajiri alilipa nusu ya kozi, nusu nikalipa mimi, na mume wangu akabaki nyumbani na kuku.

Familia tuliipata kupitia wakala. Fomu yao ilikuwa na sehemu ya chakula, nami nikaandika wazi: sisi ni Waislamu, nguruwe hatuli, chenye pombe hatuli wala hatunywi. Jibu likarudi kwa maneno mawili, nessun problema, yaani hakuna tatizo. Ukiona jibu la haraka namna hiyo, uliza tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba wale wenyeji waliambiwa tu "hawali nyama ya nguruwe", ya pombe hawakuambiwa kabisa, na neno "nyama" ndilo lililokuja kutuletea kizaazaa.

Fleti yenyewe iko ghorofa ya nne, hatua chache kutoka Porta Saragozza, mojawapo ya malango ya zamani ya mji. Lifti ipo, ila ni kama kabati: kigari cha mtoto kikiingia, mama anapanda ngazi. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, meza ya kusomea na dirisha la kutazama ua wenye mtini. Bafu moja kwa watu wanne. AC hakuna, na Juni ya Bologna si ya mchezo. Sisi joto tunalijua, lakini letu lina upepo wa bahari. La kule linakaa juu ya mji kama mfuniko wa sufuria. Usiku wa kwanza binti yangu alilala sakafuni, kwenye marumaru, nami nikamfuata.

Kinachofidia ni zile baraza. Karibu kila jumba katikati ya mji lina baraza ya nguzo na matao mbele yake, kilomita 62 ukizijumlisha zote, na UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Kwetu baraza ni ya kukaa, kwao ni ya kupita. Jua liwake, mvua inyeshe, unafika darasani mkavu. Pale Porta Saragozza ndipo inapoanzia ile ndefu kuliko zote, inayopanda kilima mpaka kanisa la San Luca, karibu kilomita nne, matao 666. Binti yangu alijitia kuyahesabu. Alifika ishirini na tisa, ishirini na kumi, ishirini na kumi na moja, nikamwacha.

Wenyeji ni mke na mume wastaafu. Walitaka binti yangu awaite Nonna na Nonno, bibi na babu, na mimi nikafuata nyayo zake. Siku tatu za mwanzo nilikuwa nikimwita yule mama Signora, hadi akanikatalia: Signora ni wa mapokezi kwenu hotelini, hapa uko nyumbani. Binti yao anaishi ghorofa ya chini yao na mtoto wa kiume wa miaka mitano, na huyo ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa binti yangu, ingawa kwa wiki mbili hawakuwa na lugha moja zaidi ya kusukumana.

Siku tuliyofika Nonno alituomba pasipoti zote mbili, akatoka nazo kwenda kuzitoa nakala. Moyo ulinienda mbio. Kumbe ni sheria yao: anayemkaribisha nyumbani mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya lazima aandikishe taarifa kwa polisi ndani ya saa 48. Wakala hakunidokezea. Kwa hiyo msishtuke, wapeni, mtarudishiwa.

Masharti ya nyumba ni mengi kuliko ya fomu. Mtoto haendi miguu mitupu. Mtoto wetu wa pwani, aliyezaliwa na mchanga vidoleni, alifukuzwa na ndara nyumba nzima. Mtoto hatoki nje na nywele mbichi, atapigwa na upepo. Mchana madirisha yanafungwa kwa mapazia ya mbao, nyumba inakuwa giza, na baada ya chakula cha mchana jengo zima linanyamaza, hata mpira haudundi. Nilinung'unika siku mbili, kisha nikaanza kulala usingizi wa mchana kama sultani. Hilo la ndara tu ndilo sikulikubali hadi leo.

La malezi lingeandikwa kwenye mkataba. Asubuhi nikiwa darasani Nonna alimlea binti yangu, kazi aliyoifanya kwa moyo wote, lakini malipo yake hayakuwa kwenye bei ya wakala. Tulikubaliana mimi na yeye mezani, kwa aibu ya pande zote mbili, huku Nonno akijifanya anatafuta miwani.

Sasa sherehe. Siku yenyewe iliangukia Jumamosi ya katikati ya Juni. Ijumaa jioni mamangu alipiga simu ya video, maana Jumamosi alikuwa na harusi Mambrui na alijua hatapata nafasi. Mamangu aliuza mboga na maembe kwa Wataliano wa Malindi miaka mingi, Kitaliano chake ni cha sokoni na hakina haya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe mjukuu wangu."

Nikampa. Basi bibi akapaza sauti nyumba nzima ikasikia: "Tanti auguri, amore!" Hongera, mpenzi, kwa siku yako.

Nonno alikuwa kwenye kiti chake anasoma gazeti. Aliruka kama aliyekalia siafu, akaenda kukishika kile chuma cha ukutani cha kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Nonna naye akajishika pete. Kumbe kumpa mtu hongera kabla ya siku yenyewe ni kumwitia mkosi, na dawa yake ni kugusa chuma. Mamangu akauliza kulikoni. Nikamwambia Babu wa huku ameona mdudu. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mwaliko ulikuwa umeshatoka wiki nzima kabla, na ulikuwa na kitu ambacho sijapata kukiona kwenye mwaliko wa kwetu: saa ya kumaliza. Kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa moja jioni. Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Si mzaha. Waliitwa watoto wote wa darasa la yule mvulana, kwa sababu kumwacha mmoja ni kumtukana mama yake, na akina mama wakachangishana kwenye kundi lao la WhatsApp ili wanunue zawadi moja kubwa. Mimi mtu wa kupita, mtoto wangu hata si wa shule yao, na bado walichanga.

Nilitaka pia kuwapelekea watoto mahamri shuleni Ijumaa, mvulana ayabebe. Mama yake akanizuia kwa upole. Shule nyingi kule hazipokei chakula kilichopikwa nyumbani. Kiwe cha kununuliwa na kina karatasi ya viungo. Nikasema sawa, mahamri yatasubiri Jumamosi.

Keki tuliagiza kwenye duka moja la keki la mtaani. Silitaji. Niliingia mwenyewe na mama wa yule mvulana, nikachagua keki ya stroberi, nyepesi, yenye tabaka la waridi, kilo moja na nusu, euro 42, ambazo kwa shilingi za Kenya ni kama elfu sita. Niliuliza kwa Kitaliano changu bora: ina nguruwe? Ina pombe? Yule muuzaji alitabasamu kama ninavyotabasamu mimi mgeni akiuliza kama bahari ina maji ya moto. "Nguruwe kwenye keki? Hii ni matunda na krimu, hakuna nyama." La pombe alilipita juujuu. Nikaomba orodha, akanionyesha jedwali la vitu vinavyodhuru watu wenye mzio. Ngano, mayai, maziwa, karanga za aina fulani. Nikaridhika.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka msomaji Mwislamu asimame kidogo. Jedwali lile Ulaya ni la sheria, lina vitu 14, na nguruwe hayumo. Pombe pia haimo. Limewekwa kwa ajili ya mtu ambaye akila karanga atavimba koo. Ukitaka kujua kama chakula ni halali, jedwali hilo halikusaidii kitu. Omba orodha nzima ya viungo.

Jumamosi Nonno alikwenda kuichukua mapema. Ilipofika ilikuwa na karatasi ya viungo imebandikwa chini ya boksi, nami nikaisoma kwa sauti, kujipima matamshi tu. Sukari, mayai, krimu, stroberi, colla di pesce. Nikajitafsiria: gundi ya samaki. Nikamwuliza Nonna samaki anaingiaje kwenye keki. Nonna, aliyekuwa anaosha vikombe, akafunga bomba.

Akavuta miwani kutoka kichwani, akasoma mwenyewe, kidole kikitembea chini ya maneno. Akaniambia kwamba jina ni la zamani, enzi ilipotengenezwa kwa samaki kweli. Siku hizi jelatini inayouzwa kwa jina hilo, mara nyingi sana, ni ya ngozi ya nguruwe. Na mstari uliofuata ulisema ile keki ya chini, ile ya waridi iliyonivutia, imeloweshwa alchermes. Hicho ni kileo chekundu, ndicho wanachotilia rangi vitamu vyao vya zamani.

Binti yangu alikuwa ameshachungulia ndani ya boksi. Alikuwa ameona jina lake.

Nonna akapiga simu dukani. Sikushika yote, lakini nilishika "nyama" ikirudiwa mara kadhaa kutoka upande wa pili, kwamba jelatini si nyama, na kwamba keki iliyoandikwa jina hairudishwi wala hela hazirudi. Akakata simu na kusema neno ambalo kozi yangu haikunifundisha na hoteli yangu hairuhusu. Kisha akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu asubuhi. "Abbiamo tempo," akasema. Tuna muda.

Akatoa kwenye friji mtindi wa kikopo kidogo cha gramu 125. Akaumimina kwenye bakuli, akakifuta kikopo, na kuanzia hapo hakuna mizani wala kikombe kilichoguswa: kikopo ndicho kipimo cha kila kitu. Kikopo kimoja cha mtindi, viwili vya sukari, vitatu vya unga, kimoja cha mafuta ya mbegu. Vinakuwa saba, ndiyo maana keki inaitwa hivyo, ya vikopo saba. Mayai matatu, ganda la limau lililokunwa, na pakiti moja ya hamira ya keki, yaani baking powder, ile ya gramu 16, ambayo kwao huja imeshatiwa vanila. Mayai na sukari hupigwa kwanza hadi vibadilike rangi, kisha mtindi, kisha mafuta, unga mwisho kwa kijiko. Mtoto wa kule hufundishwa keki hii kwanza, kwa sababu haihitaji kusoma.

Nikamwuliza kama naweza kutia iliki. Nilikuwa nimekwenda na mfuko kutoka nyumbani, kwa ajili ya chai. Akaleta kinu cha marumaru, kile cha kutwangia majani ya kitoweo, nikatwanga punje sita. Alipoinusa alipiga chafya, akanusa tena, akasema tia zote. Binti yangu tulimpa kazi ya kupangusa kikopo kwa kidole na kulamba, akaifanya kwa bidii isiyo ya kawaida.

Oveni nyuzi 180, dakika kama arubaini. Kujua imeiva, mimi hutumia njiti. Nonna alivunja utambi mmoja mkavu wa spageti, akauchoma katikati ya keki, ukatoka mkavu, akautafuna. Tulipika mbili, tukazipasua katikati, tukapaka jemu ya aprikoti, tukazibebesha moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa na ufa kama kisigino cha mvuvi. Nonna akaufunika kwa cheri za Vignola, mji mdogo wa jirani wenye sifa hiyo, na Juni ndio msimu wake: nyeusi, ngumu, zinalia mdomoni. Jina la mtoto tuliliandika kwa mbegu za cheri zile tulizokula huku tukifanya kazi. Ukitazama kwa makini, herufi ya mwisho ilipungukiwa.

Wakati keki zinapoa nikakaanga mahamri. Tui nililipata la kopo, duka la Mbangladeshi mmoja, hapohapo nilipokuwa nikinunua kuku wa halali kila wiki. Bologna wapo wengi na wanajua unachotafuta kabla hujasema. Hamri la kwanza lilipofura kwenye mafuta Nonno alikuja mbio jikoni. "Crescentine!" akapiga kelele. Wiki ya pili walikuwa wamenipeleka kula crescentine, vipande vya unga vya kukaanga vinavyofura vivyo hivyo, ukitazama kwa mbali utaapa ni mahamri ya Shela. Nilitazama tu sikula, kwa sababu unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na mara nyingi hukaangwa kwayo pia. Sasa alikuwa ameliona lenye mafuta yasiyo na neno na linanukia iliki. Alikula matatu amesimama.

Saa kumi na nusu tulikuwa Giardini Margherita, bustani kubwa ya mji iliyofunguliwa mwaka 1879, na ina ziwa dogo lenye kasa. Tulitandika leso niliyokuwa nimempelekea Nonna kama zawadi. Mmoja wa akina mama akauliza maandishi yake yanasema nini. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nikamtafsiria nilivyoweza. Nonna akauliza kwa wasiwasi: apone nini, anaumwa?

Na watu walifika kwa wakati! Saa kumi na dakika arubaini walikuwa wameshajaa, na wadogo zao, na mabibi wawili. Chakula cha sherehe ya mtoto kule hakina makuu: pitsa ndogondogo za kutosha mdomo mmoja, mikate laini ya maziwa iliyotiwa jibini au mortadella, ile soseji yao nene ya nguruwe, viazi vya pakiti, bisi. Kitu nilichokipenda ni kwamba Nonna aliweka vya nguruwe kwenye meza ya mbali, juu yake amebandika karatasi yenye picha ya nguruwe aliyoichora mwenyewe. Mkia ulikuwa mrefu mno, watoto wakasema ni panya, na nusu yao wakakataa kula.

Wimbo wao ni uleule wa hapi besdei, sauti ileile, maneno tofauti, Tanti auguri a te. Binti yangu alizima mishumaa minne kwa mate zaidi ya pumzi. Kisha nikafanya tunavyofanya kwetu: nikakata kipande, nikamlisha, naye akamlisha mkubwa wa nyumba. Alimfuata Nonna na kipande mkononi. Nonna akanyosha mkono kukipokea. Mtoto akaurudisha mkono ule chini, kwa nguvu, akamwambia kwa Kiswahili, "Fungua mdomo." Wenyewe hugawa keki kwenye visahani vya karatasi na kila mtu hula chake. Nonna alitazama kushoto, akatazama kulia, akafungua mdomo. Nusu iliingia, nusu ikabaki kwenye blauzi. Baada ya hapo Nonno alijipanga foleni.

Zawadi sasa. Kwetu zinawekwa chumbani, zinafunguliwa wageni wakishaondoka, ili asiyekuja na kubwa asione haya. Kule mtoto anakalishwa katikati, wenzake wanamzunguka wakipiga makofi na kuimba afungue karatasi, scarta la carta, na kila mtu anatazama uso wake. Niliona joto la aibu kwa niaba yake. Yeye hakuwa na habari. Ilikuwa skuta ya kusukuma kwa mguu, nyekundu, na alipanda nayo juu ya leso na juu ya bisi.

Lililomliza lilikuwa la Nonno. Alimwita, akamshika masikio kwa mikono miwili na kuyavuta kidogo: moja, mbili, tatu, nne. Ni mila, vuto moja kwa kila mwaka. Mtoto wa Malindi anajua kuvutwa sikio kuna maana moja tu. Alilia kilio cha kuonewa, akauliza amefanya nini. Nikamweleza Nonno. Mzee wa watu alijuta hadi nikamhurumia, nikamwambia sisi tunafanya vibaya zaidi, sisi mwenye siku ya kuzaliwa tunammwagia maji. Akauliza: maji mangapi? Nikamwonyesha kwa mikono. Akaenda kwenye bomba la bustani na ndoo ya kuchezea mchanga, akairudisha imejaa, akampa binti yangu, akapiga magoti na kuinamisha kichwa. Alimwagiwa ndoo nzima, na miwani juu. Nonna alikuwa upande wa pili anapiga kelele kuhusu nywele mbichi na upepo.

Saa moja kamili walikuwa wanakusanya viatu. Saa moja na robo tulibaki sisi na kasa.

Huyu Nonno, nilikuja kujua usiku ule, Malindi alikuwa akiijua kwa jina kabla yetu. Katika ujana wake alifuatilia habari za San Marco, lile jukwaa la Wataliano baharini pale Ngomeni lililorusha setilaiti miaka ya 1960 na 1970. Alijua hata kwamba setilaiti ya tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina la Uhuru. Nimepita njia ya Ngomeni maisha yangu yote, na habari hiyo nimeipatia Bologna, kwa mtu aliyelowa.

Nyota, kwa wanaotaka nyota. Familia nawapa nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa bafu na ndara. Wakala mbili, kwa sababu ada yao ilikuwa kubwa na kazi yao ilikuwa kuhamisha maneno kutoka fomu moja kwenda nyingine, na hata hayo waliyapunguza njiani. Duka la keki moja, na hiyo ni kwa sababu boksi lilikuwa zuri. Keki yenyewe walikula majirani wa ghorofa ya kwanza, wakasema ni tamu sana.

Mkienda, msiulize "mnapika nguruwe?" Ulizeni mafuta gani yanakaanga na yanakanda unga, ulizeni strutto, jina la mafuta ya nguruwe. Ulizeni colla di pesce kwenye kila kitamu kinachotetemeka. Ulizeni nani atamlea mtoto na kwa bei gani, na iandikwe. Na ulizeni ghorofa ya ngapi.

Kikopo cha mtindi nilirudi nacho kwenye sanduku. Mtindi wetu wa hapa tunanunua kwa pakiti ya nusu lita, kwa hiyo cha kupimia inabidi uwe nacho. Kipo rafu ya juu kwenye kabati la mapokezi, nyuma ya funguo. Atakayetaka kukiazima aandike jina lake kwenye daftari, na akirudishe kimeoshwa.